Kuhesabu Punda kwa Kijapani

Katika Kijapani, "mbili" peke yake haifiki mbali. Mtu wa Lamu anayejifunza lugha hiyo anaweza kukaa gatini akapata zoezi la asubuhi nzima. Punda wawili waliobebeshwa mawe ni nitō, maana tō ni kipimo cha wanyama wakubwa. Kuku wawili ni niwa, samaki wawili nihiki, mikeka miwili nimai, sawa na karatasi, mashati na kila kilicho bapa. Mashua mbili ni nisō. Meli mbili za makontena zinazoelekea bandari iliyofunguliwa 2021 ni niseki. Na pweza? Akiwa bado yu mzima majini huhesabiwa kwa hiki. Akishavuliwa na kulazwa sokoni ndipo, kwa kejeli ambayo Mswahili tu ataicheka, huhesabiwa kwa hai.

Mwingereza akikutana na utaratibu huu hushika kichwa. Mwamu hana ruhusa hiyo. Tangu utotoni amesema samaki wawili, mikeka miwili, vikombe viwili, kabla hajaambiwa na mwalimu kwamba hizo ni ngeli. Hata vigeugeu vya sauti anavijua: ippiki, nihiki, sanbiki si ajabu kwa mtu asemaye mkeka mrefu na ngalawa ndefu. Tena Kijapani kina huruma zaidi. Kipimo kikishataja idadi, kazi yake imekwisha. Hakiandami sifa wala kitenzi, ilhali kwetu mikeka ikianguka lazima sentensi nzima ijue: mikeka yangu miwili mirefu imeanguka.

Raha yenyewe iko kwenye vitenzi. Kula, kulisha, kulishwa. Taberu, tabesaseru, tabesaserareru. Lugha mbili zisizo na undugu, na kila moja hubandika nyuma ya mzizi kwanza kusababisha, kisha kutendwa, kwa mfuatano uleule. (Kijapani kina ukali wake: huyu wa mwisho halishwi kwa mapenzi, analazimishwa.) Ila mtendaji hayumo. Tabemasu yaweza kuwa ninakula, anakula au tutakula, na kitenzi hungoja mwisho, hivyo msikilizaji huvumilia mpaka aambiwe kama yule pweza ameliwa au ameponyoka.

Irabu ni zile zile tano. Anayetofautisha kuja na kujaa hatakosa kusikia kwamba obasan ni mama wa makamo na obaasan ni bibi kizee. Kitakachomponza ni mazoea ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hashi ya vijiti vya kulia na hashi ya daraja hutenganishwa na kupanda na kushuka kwa sauti, basi.

Visiwa vya Lamu vinajua pia kuvaa maandishi ya watu wengine. Hati ya Utendi wa Tambuka iliyoandikwa Pate mwaka 1728 ni ya herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu kwa lugha yenye tano. Wajapani walikopa kwa Wachina, wakaona hazikai sawa na ulimi wao, wakazirahisisha hadi wakapata kana, seti mbili za alama 46 kila moja. Zile za Kichina hawakuzitupa. Orodha rasmi ya matumizi ya kila siku ina 2,136. Hapo mvuvi ana pa kuanzia, kwa kuwa majina mengi ya samaki hubeba upande wa kushoto alama ileile moja ya samaki. Nyangumi naye ametiwa humo, ingawa ananyonyesha.