Kadi Zisizouliza Idadi ya Ng'ombe

Mgeni akimuuliza mzee wa Kimaasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, ana ng'ombe wangapi, atajibiwa kwa adabu nyingi na hatatajiwa idadi. Mifugo haitangazwi. Dodoso la umaskini linaloanza na swali hilo limeshapotea njia.

Mtafiti Barbara Grandin alilikwepa swali hilo. Miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, aliandika majina ya wakuu wa kaya kwenye kadi, kila kaya na kadi yake, akamkabidhi mwenyeji anayewajua wote azigawe mafungu, kuanzia wenye nacho hadi wasio nacho. Idadi ya mafungu aliiamua mpangaji mwenyewe. Mwongozo wa Grandin ulichapishwa mwaka 1988.

Hesabu yake ni nyepesi: namba ya fungu hugawanywa kwa idadi ya mafungu, kisha huzidishwa kwa 100. Kaya iliyo fungu la 3 kati ya 4 hupata 75. Mpangaji wa pili akiiweka la 4 kati ya 5, ni 80. Wa tatu la 2 kati ya 3, ni 67. Wastani ni 74, na 100 ndio ufukara wenyewe. Wapangaji wasipungue watatu, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayepanga.

Kigingi ni neno "kaya". Boma moja hukaa familia kadhaa. Mume na wake zake ni olmarei, na kila mke ana enkaji yake. Ukiandika kadi kwa enkaji, tajiri mmoja mwenye wake watatu anageuka maskini watatu. TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaosaidia kaya maskini, nayo huanza na wanakijiji kutaja kaya maskini, kisha dodoso na fomula hukagua vitu kama nyumba na mali. Fomula haioni ewoloto, ukoo unapomchangia mitamba ndugu aliyefilisika kwa ukame.

Ili kuonyesha pengo hilo, ningepewa meza moja katika makumbusho ya Olduvai, ningeweka kadi za kaya za kubuni, wageni wazipange kwa mikono yao. Jaribio la kwanza lingekuwa la karatasi na kalamu tu, maana kadi iliyochapwa vizuri hakuna anayethubutu kuikosoa. Nisingeeleza kitu, ningetazama mkono unapositasita, kisha niulize kwa nini.

Kadi moja: nyumba ya udongo na samadi, ng'ombe 200. Nyingine: bati, pikipiki, ng'ombe 2. Nabashiri mtalii na mwanafunzi wa Arusha watatazama paa kwanza, na mfugaji wa Loliondo atauliza nani anachunga. Kadi ambayo wote watatu wameiweka fungu moja bila kubishana ningeitoa mezani.