Ustadi wa Kutafuta Mwamba: Kutoka Pwani ya Mtwara hadi Majabali ya Masasi

Kupanda miamba huanza kabla kamba haijafunguliwa. Huanza kwa mtu anayeichunguza nchi, akitafuta mahali ardhi ilipofunika jiwe na mahali ilipoliacha wazi, jiwe litakalobeba uzito wa mwili na lile litakalomeguka mkononi. Utafutaji huu ni ufundi kamili, una kanuni zake na mafundi wake, na unastahili heshima hata siku unapoishia mikono mitupu. Mpandaji hukaa ukutani saa moja au mbili, lakini mtafutaji hujifunza mkoa mzima.

Mwamba unaofaa karibu na mji huwa na sifa nne. Jiwe lake ni zima, halibanduki likivutwa. Urefu wake unalingana na kamba: kamba ya mita 60 ikipitishwa kileleni na kurudi chini hutosha ukuta usiozidi mita 30. Hufikika bila safari ya kuchosha kiasi cha kupoteza nguvu za kupandia. Na wenye ardhi wameridhia. Mahali pakikosa hata moja kati ya sifa hizi, hapajawa mahali pa kupandia, hata pakivutia macho namna gani.

Mtwara ni shule nzuri ya ufundi huu, kwa sababu mji wenyewe hauna jiwe la kupanda mlangoni. Ufukwe wa Msimbati ni mchanga. Mdomo wa Ruvuma ni mikoko, matope na mafungu yanayohamahama. Mtafutaji aliyeko hapo hana budi kujua jinsi ardhi ilivyopangwa kutoka baharini hadi bara, kwani kila tabaka lina jiwe lake na kila jiwe lina tabia yake.

Tabaka la kwanza ni matumbawe ya kale. Sehemu kubwa ya rasi na kingo za ghuba katika pwani hii ni miamba iliyojengwa na viumbe wa bahari, ikabaki nchi kavu maji yaliposhuka. Mafundi wa Mikindani waliifahamu vizuri: nyumba za kale za mji huo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mpandaji, hata hivyo, hukutana na sura nyingine ya jiwe hilohilo. Mvua na chumvi huila ngozi yake ya nje na kuacha ncha kali zinazochana viganja na kukwangua kamba, na mawimbi hulila chini mpaka ukingo unaning'inia. Kimo chake kwa kawaida ni kifupi. Panaweza kupatikana pa kuzoezea vidole na miguu, karibu na ardhi, wala si zaidi ya hapo.

Pwani pia ina saa zake. Wakati wa bamvua, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bahari hii hupita mita 3, hivyo mguu wa ukingo ulio mkavu asubuhi unaweza kuwa chini ya maji alasiri. Anayetafuta jiwe ufukweni husoma mwezi kama wavuvi wanavyousoma. Tena hupaswa kujua mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, bahari na nchi kavu pamoja. Ndani ya eneo hilo haifai kuligusa jiwe bila kuwauliza wahifadhi.

Tabaka la pili ni uwanda wa juu wa Makonde. Barabara zinazopita Nanyamba na Tandahimba hupanda taratibu kati ya mikorosho, na safari nzima jicho halioni jiwe, kwa kuwa udongo ni mchanga mwekundu uliolala juu ya mawe ya mchanga. Mwinuko huo huishia ghafla upande wa Newala, ambako ardhi inaporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, na mahali panapoitwa Shimo la Mungu mtu husimama ukingoni akitazama mbali sana. Mgeni akiona genge la namna hiyo hudhani amefika. Fundi huinama, huokota kipande, hukisugua kwa kidole gumba, na chembe zikitoka hujua kwamba jiwe hilo halitashika nanga wala mguu. Kukataa mahali pazuri kwa sababu jiwe lake ni dhaifu ni sehemu ngumu kuliko zote katika ufundi huu, na ndiyo inayookoa maisha.

Tabaka la tatu ndilo linalotafutwa. Barabara kuu ya Mtwara kwenda Masasi, yenye urefu wa kilomita 200 hivi, hupitia Mingoyo, Mtama na Ndanda. Mwishoni uwanda wa Makonde hubaki nyuma na nchi hubadilika: tambarare pana, na juu yake majabali ya kijivu yaliyosimama mojamoja au kwa makundi, mengine yakiinuka mamia ya mita juu ya mashamba. Hapa msingi wa kale wa bara umejitokeza. Ni mawe yaliyoiva kwa joto na mgandamizo mkubwa kilomita nyingi chini ya ardhi, katika ukanda mrefu wa milima ya zamani unaokatiza Afrika ya Mashariki na kuingia Msumbiji, na umri wake unapita miaka milioni 500. Milima ile imekwisha kusagika. Yaliyobaki wima ni yale yaliyokuwa magumu kuliko majirani zake, yasiyo na nyufa nyingi za kupitisha maji ya kuyaozesha.

Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyechunguza jiolojia ya koloni la Ujerumani katika Afrika ya Mashariki miaka ya 1890, aliyaandika majabali ya namna hii katika kitabu alichochapisha mwaka 1900, na hadi leo wanajiolojia duniani huyaita kwa jina lake. Kwa mpandaji, kujua chanzo cha majabali haya kuna faida ya moja kwa moja. Mzigo wa ardhi uliokuwa juu ulipoondoka, jiwe lilitanuka na kupasuka sambamba na uso wake, na tangu hapo hubanduka tabaka kwa tabaka kama gome la mti mkuukuu. Kwa hiyo jabali hutoa aina mbili za njia. Penye uso mpya uliolala kidogo, mtu hupanda kwa kuamini nyayo, kwa kuwa mishiko ni haba. Penye ukingo wa tabaka lililokatika hubaki ufa mrefu unaomeza vidole, ngumi au bega, na ndani yake vifaa vya kujikinga huweza kukazwa bila kutoboa jiwe. Hatari nayo hutoka hapohapo: bamba lililokwisha kuachana na mwili wa jabali linaweza kuonekana zima.

Kulijua tabaka kunapunguza eneo la kutafuta. Kupata ukuta wenyewe kunahitaji macho ya aina nyingine. Ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita moja ni nusu kilomita ardhini, huonyesha mahali mistari ya kimo inapokaribiana. Lakini ukuta wa mita 15 unaweza kujificha kati ya mstari na mstari, hivyo ramani husaidiwa na picha za setilaiti. Katika picha hizo jiwe tupu huonekana jeupe au kijivu katikati ya kijani, na kivuli chake hufichua kama limesimama au limelala. Njia hii imethibitika upande wa pili wa Ruvuma. Mwaka 2012 mwanasayansi Julian Bayliss aligundua katika picha za setilaiti mlima Lico, kaskazini mwa Msumbiji, wenye msitu kileleni uliozungukwa na kuta za mawe. Mwaka 2018 watafiti walipandishwa ukuta wa mita 125 hivi kwa msaada wa wapandaji stadi, wakafika kwenye msitu huo. Ukuta ulipatikana kwanza kwenye picha, miaka sita kabla ya kamba kuufikia.

Hata hivyo picha haijui kila kitu, na kuuliza si ujinga. Wagonga kokoto wanajua jiwe lipi hupasuka kwa nyundo moja na lipi hurudisha nyundo. Warina asali wanajua nyufa zenye nyuki. Wachungaji wanajua njia ya nyuma ya kupandia kilele, ambayo ndiyo njia ya kushukia baada ya kupanda ukuta. Swali zuri haliwi "wapi kuna mlima wa kupanda?" kwa kuwa kila mlima unapandika kwa mwenyeji anayejua kinjia. Huulizwa wapi mbuzi wanashindwa kupita, wapi mawe huanguka masika, wapi kivuli hukaa mchana kutwa. Majibu ya maswali hayo, yakikusanywa na kulinganishwa, huchora ramani ambayo hakuna ofisi inayoiuza.

Anapofika chini ya ukuta, mtafutaji huanza kuusoma kwa mikono na masikio. Huugonga kwa kifundo cha kidole: jiwe zima hutoa sauti fupi iliyokazana, bamba lililoachana na jabali hulia kama lina uwazi nyuma yake. Hutazama mawe yaliyolala mguuni pa ukuta. Vipande vyenye kingo kali na uso msafi ni vya juzi, ishara kwamba juu bado kunabomoka. Vilivyofunikwa na uoto vimekaa miaka mingi. Michirizi myeusi huonyesha mapito ya maji, panapoteleza masika yote. Husimama pia kimya kwa muda akisikiliza mvumo, kwa maana nyuki wa Afrika wakichokozwa humfuata mtu mbali, na aliyefungwa kambani hana pa kukimbilia. Wapandaji wa Kenya wameijua hatari hiyo kwa muda mrefu katika majabali yao. Ukuta wenye mzinga huachwa, kama unavyoachwa wenye kiota cha tai.

Jua nalo lina hesabu yake. Masasi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mvua hunyesha tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, hivyo miezi mizuri ya kupanda ni Juni hadi Septemba. Katika miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini wa anga, na ukuta unaotazama kusini hubaki kivulini wakati jabali la upande wa pili linachoma viganja. Mtafutaji anayejua hili huanza kuzungukia upande wa kusini.

Jambo linalofuata ni la adabu, na uzito wake ni sawa na la jiwe. Mvua inayoteremka kwenye jabali tupu hukusanyika chini yake, na udongo wa hapo hupata maji kuliko wa mbali, ndiyo maana miji na mashamba yamejishikiza miguuni pa vilima. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aliacha hapa Masasi jumuiya ya watu waliokombolewa utumwani, na kanisa kuu la dayosisi bado liko Mtandi, chini ya mawe. Hakuna ukuta ulio porini pasipo mwenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo hodi hupigwa kwa mtendaji na mwenyekiti, na wazee huulizwa kama jabali lina makaburi au ni mahali pa tambiko. Ikiwa ndivyo, mjadala umekwisha. Michoro ya kale ikionekana kwenye uso wa jiwe, kamba hazifunguliwi hapo: ni urithi unaolindwa na sheria tangu 1964, na ile ya Kondoa imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2006.

Uamuzi wa kutoboa jiwe na kuacha chuma cha kudumu huja mwisho kabisa, na pwani huwa mzito zaidi. Katika kuta za chokaa zilizo kando ya bahari nchini Thailand, nanga za chuma kisichoshika kutu zilikatika kutokana na chumvi na unyevu, wapandaji wakalazimika kuhamia titani. Bara chuma hudumu, lakini tundu halizibiki. Penye mti imara kileleni au ufa wa kukazia vifaa, busara ni kuliacha jiwe lilivyo. Kabla ya kumkaribisha mtu wa pili, mtafutaji hujua pia msaada uko wapi: hospitali ya Mkomaindo iko Masasi mjini, na ile ya misheni iko Ndanda, barabarani kuelekea pwani.

Kazi hukamilika inapoandikwa. Nairobi ina Lukenya, kilima kilicho umbali wa kilomita 40 hivi kando ya barabara ya Mombasa, kwa sababu wanachama wa Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, hawakutosheka kupanda. Waliandika kila njia, urefu wake, ugumu wake na hatari zake, vizazi vilivyofuata vikaanzia walipoishia wao. Mtafutaji wa Mtwara ana wajibu uleule: kuandika aina ya jiwe, upande unaotazama, msimu wake, njia ya kushukia, jina ambalo wenyeji wanaliita jabali, na nani aombwe ruhusa. Huandika pia kuta alizozikataa na sababu zake, ili mwingine asiyahatarishe maisha yake mahali palepale. Anayefanya hivyo huwa amewapa wenzake kitu kikubwa kuliko njia moja ya kupanda: amewapa nchi yao, imesomwa tabaka kwa tabaka, pamoja na uwezo wa kuendelea kuisoma wenyewe.