Kikapu cha Kushona: Ustadi Unavyopimwa Mkononi

Vikapu vya Usukuma, kuanzia Shinyanga hadi Geita, vina aina moja isiyotumia ukili (ukanda wa majani yaliyosukwa) kama ule wa Pwani. Shada jembamba la nyasi huzungushwa kutoka katikati, na kila mzunguko hushonewa kwenye uliotangulia. Kwa kuwa kila mzunguko hurithi umbo la mwenzake, ustadi hapa ni kulinganisha kazi tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho.

Kazi huanzia kwenye uzi, unaotokana na mkonge. Mmea huo uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kwa ajili ya mashamba makubwa, lakini Usukumani ulienea pia kama ua wa mashamba na makazi. Jani hupondwa, kisha hukwaruzwa juu ya ubao kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke. Nyuzi huoshwa papo hapo, kwani utomvu ukizikaukia huzitia rangi ya kahawia. Zikishakauka juani, husokotwa kwa kiganja juu ya paja.

Kitako huanza na shada lililokunjwa kuwa duara dogo na kukazwa kwa uzi. Msusi hutoboa mzunguko wa chini kwa msharasi, hupitisha uzi, huuvuta, kisha husogea kwenye mshono unaofuata. Nyasi mpya huchomekwa kidogo kidogo kabla ya za zamani kwisha, ili shada lisinenepe wala kukonda.

Ugumu mkubwa upo kwenye kupanuka. Shada likiwa na unene wa milimita 5, kila mzunguko wa kitako huuzidi uliotangulia kwa sentimita 3 hivi. Kwa hiyo mishono lazima iongezwe, tena kwa kutawanywa sawasawa. Ikiachwa ileile, nyasi huchungulia kati ya nyuzi. Shada likivutwa mno, kitako hujikunja juu kama bakuli. Likilegezwa, kingo hufanya mawimbi. Ili kusimamisha ukuta, fundi huweka shada juu ya mzunguko wa chini badala ya ubavuni.

Kikapu hukaguliwa kwa kugeuzwa. Kitako kitulie sakafuni bila kuyumba, ncha za nyuzi zisionekane, na mwanga usipenye. Penye kasoro, kazi hufumuliwa hadi mzunguko ulioharibika, kwa sababu mishono ya juu haiwezi kunyoosha iliyopinda chini yake.