Kuhesabu kwa Vishimo Vitupu

Mnunuzi mzoefu wa River Road, Nairobi, hatoi pesa kabla bidhaa haijajaribiwa. Redio huchomekwa mbele yake, simu iliyotengenezwa hupigwa, betri hupimwa. Muuzaji anaweza kuisifu mali yake mchana kutwa. Neno la mwisho ni la kitu chenyewe.

Ukipanda matatu kutoka eneo hilo kuelekea magharibi kwa Waiyaki Way, ukaipita Westlands na Kangemi, utafika Uthiru. Hapo Kabete zipo maabara ambamo kujaribu kumefikishwa kwenye ngazi ya ufundi wa hali ya juu. Ni za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyotokana na ILRAD, maabara ya magonjwa ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1973. Kazi yao kubwa imekuwa ng'ombe. Lakini ndani ya ng'ombe hao watafiti walikutana na swali kubwa la saratani na kinga ya mwili, wakalishughulikia kwa subira ninayoiheshimu sana.

Ugonjwa wenyewe wafugaji wanaujua: ndigana kali, au homa ya Pwani ya Mashariki. Kupe wa kahawia anayependa kuganda masikioni humwambukiza ng'ombe kimelea kiitwacho Theileria parva. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe wa kisasa asiyetibiwa mara nyingi hamalizi mwezi. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua ng'ombe zaidi ya milioni moja kila mwaka katika Afrika Mashariki, Kati na Kusini.

Kinachotendeka ndani ya mwili ni cha ajabu. Kimelea huingia katika limfosaiti, chembe nyeupe ya damu ambayo kazi yake ni kuulinda mwili. Hakiiui. Hukaa ndani yake na kuilazimisha igawanyike. Seli inapojiandaa kugawanyika hutandaza nyuzi za kuvutia kromosomu pande mbili. Kimelea nacho hujishikiza kwenye nyuzi hizo hizo, kikagawanywa pamoja na seli, na kila seli mpya ikapata fungu lake. Mlinzi amegeuzwa kuwa mfano wa saratani: anazaliana bila kikomo na kuvamia viungo vingine. Lakini ukikiua kimelea kwa dawa ya buparvaquone, seli huacha kuzaliana. Ni nadra mtafiti kupata ukuaji wa aina ya saratani unaomwonyesha chanzo chake waziwazi hivi, na ambao anaweza kuusimamisha atakapo.

Njia ya kuutazama kwa karibu ilifunguliwa Muguga, mbele ya Kikuyu. Mwaka 1970, W. A. Malmquist, M. B. A. Nyindo na C. G. D. Brown walichapisha habari za seli za wengu wa ng'ombe, zilizoambukizwa na kugeuzwa na Theileria, zikiishi na kuzaliana ndani ya chupa za maabara. Tangu hapo ugonjwa ukaweza kufugwa. Na kufuga seli ni kazi isiyojua Jumapili. Zinataka joto la nyuzi 37 na hewa yenye kaboni dioksidi kiasi cha asilimia 5. Maji ya lishe yana wekundu. Yakianza kugeuka manjano, seli zimejaa na taka zao zimeyatia asidi, kwa hiyo lazima zigawiwe chupa mpya. Chembe moja ya ukungu ikipenya, kazi ya miezi hutupwa. Mtunzaji mzuri huitazama chupa dhidi ya mwanga na kujua hali ya seli kabla hajaiweka chini ya hadubini.

Muguga hiyo hiyo, katika miaka ya 1970, ndiko ulikobuniwa mchanganyiko wa aina tatu za kimelea hai, ambao ng'ombe huchomwa pamoja na dawa ya tetrasaiklini ya kudumu mwilini. Anaambukizwa na kutibiwa kwa wakati mmoja, na baada ya hapo ana kinga. Njia hii ilifanya kazi na ingali inafanya kazi. Lakini kwa nini aina tatu? Na ni nini hasa kinachomlinda ng'ombe? Maswali hayo yaliwatia kazini watu wa Kabete kwa miaka mingi.

Jibu lilikuwa kwenye seli T ziuazo, zile zenye alama ya CD8. Peter Doherty, daktari wa mifugo kutoka Australia, na Rolf Zinkernagel wa Uswisi walikuwa wameonyesha mwaka 1974 kwamba seli T humtambua adui pale tu vipande vyake vinapoonyeshwa pamoja na protini za utambulisho za mwili wenyewe; ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Kwa ng'ombe, ushahidi mzito ulitoka Nairobi mwaka 1994. Declan McKeever, Evans Taracha, Ivan Morrison na wenzao walichota limfu iliyokuwa ikitoka kwenye tezi za ndama wenye kinga, wakatenga seli za CD8, wakawatia ndama pacha wao ambao hawakuwa na kinga. Waliopokea seli hizo walistahimili maambukizi ya kuua. Kuichota limfu hiyo kunahitaji upasuaji wa kuingiza mrija kwenye mshipa mwembamba sana, kisha mrija ulindwe usizibe, usiku na mchana, mnyama akiwa hai na mtulivu.

Hata hivyo, ninachokistaajabia zaidi ni kazi isiyo na damu wala kisu: kuzihesabu seli ziuazo ndani ya damu ya ng'ombe mmoja. Seli hizi hazivai sare. Chini ya hadubini, ile inayoijua Theileria na ile isiyoijua zinafanana. Hutaijua mpaka uione ikiua.

Taracha, Mkenya aliyejenga sehemu kubwa ya kazi yake ya utafiti Kabete, aliendeleza na wenzake njia ya kuzihesabu kwa kuzipunguza. Damu hulazwa taratibu juu ya kimiminika kizito na kuzungushwa kwa mashine. Chembe nyekundu huzama, na chembe nyeupe hubaki kama pete hafifu katikati, pete ambayo mkono wenye haraka huivuruga. Pete hiyo hunyonywa, seli huhesabiwa, kisha hupunguzwa ngazi kwa ngazi na kugawanywa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Ngazi ya kwanza kila kishimo hupata seli nyingi, inayofuata chache zaidi, mpaka vishimo vingi visipate hata seli moja iuayo. Huchanganywa na seli zenye kimelea ili kuziamsha, na kuachwa zizaliane kwa siku kadhaa. Mwishowe kila kishimo huwekewa seli zilizoambukizwa zenye alama ya mionzi hafifu. Mionzi ikimwagika kwenye maji, kuna seli iliyouawa.

Hapo ndipo ufundi unapofikia kilele, maana hesabu hutoka kwenye vishimo ambamo hakuna kilichotokea. Kishimo kilichoua hakisemi kama ndani kulikuwa na muuaji mmoja au kumi. Kishimo kitupu husema jambo moja tu, nalo ni hakika. Kanuni za bahati zinatuambia kwamba seli ziuazo zikigawanywa kwa wastani wa moja kwa kila kishimo, takriban vishimo 37 kati ya 100 vitabaki bila hata moja. Ukiipata ngazi inayotoa utupu wa kiasi hicho, umezijua zilikuwa ngapi katika damu. Mtu anayetafuta ushindi hutazama vishimo vilivyoua. Fundi wa kweli huvitazama vitupu kwa umakini ule ule.

Na hata kilichoua hakiaminiwi hivi hivi. Seli zile zile hupewa shabaha nyingine: seli za ng'ombe huyo huyo zisizo na kimelea, na seli zenye kimelea za ng'ombe mwenye protini tofauti za utambulisho. Zikiua na hizo, basi si Theileria inayotambuliwa, na matokeo hayafai. Mtafiti hutumia sehemu kubwa ya sahani zake kutafuta njia ya kujikanusha.

Subira hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1995, Taracha na wenzake walichapisha utafiti wa ng'ombe waliokingwa kwa kimelea cha Muguga au cha Marikebuni, kule Pwani ya Kenya, kisha wakapambanishwa na aina nyingine. Uwezo wa kustahimili aina ya pili uliendana na seli zilizokuwa zimepimwa kabla ya pambano: kama ziliitambua aina hiyo au la. Tukapata kuelewa ni kwa nini aina moja ya kimelea haimkingi kila ng'ombe. Mwaka 2005 jenomu ya Theileria parva ilichapishwa, na mwaka 2006 Simon Graham, Taracha na wenzao wakatangaza protini za kimelea ambazo seli T za ng'ombe wenye kinga huzitambua, hatua muhimu katika kutafuta chanjo isiyohitaji kimelea hai.

Huko Marekani, mwaka 1988, Steven Rosenberg na wenzake walikuwa wamewarudishia wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, seli T zilizotolewa kwenye uvimbe wao wenyewe, na baadhi ya uvimbe ukasinyaa. Swali lao ni ndugu wa swali la Kabete: kati ya seli hizi zote, ni ngapi zinazomjua adui, na tunajuaje?

Ningependa kila mwanafunzi wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wa Chiromo na wa Kabete, afunzwe kupunguza seli ngazi kwa ngazi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama siku hizi zipo mashine za kuhesabu kwa dakika chache. Mashine itampa namba. Sahani ya vishimo 96 itamfundisha namba ilikotoka, na jinsi ya kuilinda dhidi ya hamu yake mwenyewe ya kuiamini.