Mikono Nyuma ya Msonobari wa 1625

Katika bustani ya taifa ya miti jijini Washington kuna msonobari mweupe wa bonsai unaotunzwa tangu 1625. Agosti 6, 1945 ulikuwa Hiroshima, kama kilomita tatu kutoka bomu lilipolipukia, na ukuta wa bustani ulimotunzwa huko ukaukinga. Ni mmoja wa miti 53 ambayo Wajapani waliwazawadia Wamarekani kwa sherehe za 1976 za miaka 200 ya uhuru wa Marekani.

Wageni hupiga picha, wakaenda zao. Mti hubaki na watunzaji wake, wa kulipwa na wa kujitolea. Udongo wa chungu ni kidogo. Jua likiwaka, kusahau maji siku moja tu kwaweza kuua kazi ya vizazi. Kwa hiyo hupita chungu kwa chungu, wakigusa udongo kwa kidole, maana kila mti una kiu yake.

Kubadilisha udongo ndiko kunakonigusa zaidi. Mti hutolewa chunguni, na mtu huinama na kijiti, akichambua mizizi uzi kwa uzi, akikata iliyosongamana, kisha akishindilia udongo mpya taratibu pasibaki mwanya. Waya wa kuelekeza tawi hukatwa kipande kwa kipande kabla haujala gome.

Tangu 1982 shirika la National Bonsai Foundation, lisilotafuta faida, huchangisha fedha za kuyategemeza haya yote. Na asubuhi hii, kabla geti halijafunguliwa, yupo mtu pale na kibano, anang'oa magugu madogo kuliko punje ya mtama.