Heko, Ruchira Gupta

Katika vijiji vya Nepal, mwanahabari Mhindi Ruchira Gupta aliuliza wasichana wako wapi. Jibu alilifuata hadi kwenye madanguro ya Mumbai, na mwaka 1996 ikatoka filamu yake ya hali halisi, The Selling of Innocents, iliyopata tuzo ya Emmy. Tuzo ni sawa, ila mimi nampongeza kwa jambo jingine. Alipokuwa akirekodi, mwanamume alimtolea kisu. Wanawake wa danguro wakamzingira kumkinga, kwa kuwa walitaka habari zao zisikike. Kazi ilipokwisha hakuwaaga (wanahabari wengi huaga hapo). Mwaka 2002 alianzisha pamoja nao shirika la Apne Aap, linalopigania haki zao na elimu ya watoto wao. Hiyo ndiyo kamera yenye adabu.