Simba au Mtu? Kulifungua Upya Jalada la Singida

Tuseme maiti imekutwa alfajiri pembezoni mwa shamba la uwele. Koo limeraruliwa, mgongoni kuna michirizi ya makucha, na nyayo zinaishia vichakani. Jumbe anaandika neno moja, simba, na mazishi yanafanyika kabla jua halijawa kali. Mtunzi yeyote wa riwaya za upelelezi angekitamani kisa cha namna hii, lakini Singida haikumsubiri mtunzi. Mwaka 1946 na 1947 vifo vya aina hii viliviandama vijiji vya Wanyaturu, na serikali ya kikoloni ikafikia uamuzi kwamba sehemu ya waliozikwa kwa jina la simba waliuawa na watu. Kesi zikafunguliwa, washtakiwa wakatiwa hatiani, na baadhi yao wakanyongwa.

Minong'ono kama hiyo ilikuwa imesikika huko huko mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1950 A. W. Wyatt akayaandika mambo ya watu-simba wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1962 jarida hilohilo likachapisha makala ya Harold K. Schneider, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, akiyapima upya. Kwa hiyo jalada limekwisha kufunguliwa zaidi ya mara moja kwenye karatasi. Ninachotaka hapa ni kulitazama kwa jicho la mpelelezi mstaafu: mtu asiye na cheo cha kukilinda, mwenye muda wa kutosha, anayekichukua kila kifo peke yake na kukiuliza upya.

Maelezo yaliyozagaa wakati ule yalikuwa haya. Wapo watu waliofuga vijana mafichoni, wakawavika ngozi ya simba, wakawapa visu au makucha, kisha wakawakodisha kwa mwenye kisasi chake. Wanyaturu waliwaita watu-simba hao mbojo. Ni simulizi yenye nguvu, na udhaifu wake uko palepale penye nguvu yake: inavipa vifo vyote mwuaji wa aina moja. Mpelelezi anayeingia kwenye jalada hili akiwa ameshaamua kwamba wote waliuawa na watu, au wote waliliwa na simba, hana anachokipeleleza.

Tazama kilichokuwa kikitokea Njombe miaka ileile. Huko simba walikuwa wamekula watu kwa zaidi ya muongo mzima. Idadi inayotajwa sana ni watu 1,500. Wenyeji walisema simba wale wanatumwa na mganga aliyevuliwa madaraka yake. George Rushby, bwana nyama, alichagua njia ya kazi: akawasaka simba wenyewe, na baada ya simba 15 kuuawa vifo vilikoma. Ushahidi safi, mtu atasema. Lakini inasimuliwa pia kwamba kipindi hichohicho mganga alirudishiwa cheo chake, na wanakijiji wengi wakaona hiyo ndiyo sababu ya simba kuondoka. Maelezo mawili yamefika mwisho siku moja. Kwa mpelelezi, kukoma kwa vifo hakutoshi kumtaja mwuaji. Inabidi arudi kwenye mwili wenyewe.

Na mwili unasema mengi. Simba huua kwa meno. Makucha kazi yake ni kukamata na kuangusha; anayemaliza ni mng'ato wa kooni, shingoni au kichwani, na meno manne makubwa huacha mashimo yanayokwenda mawili mawili, juu na chini, yenye umbali unaopimika kwa rula. Baada ya hapo humburuta windo lake hadi penye kificho, kwa hiyo kuna mburuzo wa damu na majani yaliyolala upande mmoja. Kisha hula, akianzia aghalabu sehemu laini za tumbo au mapaja. Maiti iliyochanwa vizuri lakini haikuliwa hata kidogo, na ikakutwa palepale ilipoangukia, inataka maswali. Huenda simba alifukuzwa na kelele. Huenda pia hakukuwa na simba.

Jeraha la kisu nalo lina tabia yake. Kingo zake zimenyooka, na ndani ya kidonda nyama imekatika moja kwa moja. Ukucha wa simba umepinda kama ndoana. Unaingia, unashika, unavuta, na unaacha kingo zilizochanika na ngozi iliyokunjamana upande mmoja. Mtu anayeiga michirizi hiyo kwa chuma ataweza kuipanga sambamba, ila kuuiga mvutano ule ni kazi nyingine kabisa. Kuna pia suala la damu. Kidonda alichopata mtu akiwa hai huvuja na kuvimba. Kilichotiwa baada ya moyo kusimama hubaki kimepauka. Kama koo lina damu nyingi na michirizi ya mgongoni haina, basi mgongo ulichanwa na mtu mwenye haja ya kuipamba maiti.

Hapa ndipo fisi anapoharibu kila kitu. Singida ina fisi, na fisi hahitaji kuua ndipo ale. Mtu aliyechomwa kisu jioni akaachwa porini, asubuhi atakutwa amevunjwa mifupa na kusambazwa. Daktari wa sasa angechukua mate kwenye kingo za kidonda na kuyapeleka maabara, vinasaba vingesema ni mnyama gani. Mwaka 1946 hilo halikuwapo. Kulikuwa na macho, rula, kalamu na joto, na mara nyingi mwili ulikuwa umezikwa kabla ofisa hajafika.

Nyayo zilikuwa na thamani kubwa zaidi, kwa sababu wafugaji wa Singida wanazisoma tangu utotoni. Unyayo wa simba una vidole vinne na kisigino chenye mabonde yanayokigawa sehemu tatu kwa nyuma, na makucha hayaonekani, kwani akitembea huyarudisha ndani. Anayefunga nyayo za simba chini ya miguu yake anaweza kulipata umbo hilo barabara. Asichoweza kukipata ni mwendo. Simba ana miguu minne: wa nyuma huangukia karibu na ulipokanyaga wa mbele, na nyayo za mbele ni pana kuliko za nyuma. Mtu mwenye miguu miwili ataacha mstari wa nyayo za ukubwa mmoja, zenye uzito kisiginoni, na penye kugeuka atageuka kama mtu. Mpelelezi mstaafu akipata katika jalada mchoro wa unyayo mmoja, hana kitu. Akipata mchoro wa nyayo kumi mfululizo zenye vipimo kati yake, ana kesi.

Kipo kipimo kingine ambacho maofisa wa wakati ule hawakuwa nacho, na ndicho kinachonifanya niamini kwamba jalada hili bado lina uhai: mwezi. Mwaka 2011 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, miongoni mwao Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya wanakijiji karibu 500 wa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, tena yaliongezeka sana katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake inaeleweka. Usiku wa mbalamwezi wanyama humwona simba mapema, naye hulala njaa. Mwezi ukishapita upevu wake huchelewa kuchomoza, saa za jioni zinabaki giza watu wakiwa bado nje, na simba ana njaa ya siku kadhaa.

Takwimu hizo zilitoka kusini, na Singida ina ardhi yake, mawe yake makubwa na mvua yake ya msimu mmoja. Hata hivyo kanuni inafaa kujaribiwa. Tarehe za mwezi mpevu wa mwaka wowote uliopita zinakokotolewa bila shaka yoyote. Tarehe 8 Desemba 1946, kwa mfano, mwezi ulikuwa mpevu na ukapatwa kabisa mapema usiku, hapahapa kwenye anga ya Afrika Mashariki. Mpelelezi akivipanga vifo vya kwenye jalada kwa tarehe na saa, vifo vya simba vinapaswa kujikusanya upande mmoja wa mwezi, na katika miezi ambayo uwele na mtama vimerefuka kiasi cha kumficha mnyama. Mtu mwenye kisasi hafuati ratiba hiyo. Yeye hufuata ugomvi: ng'ombe waliodaiwa, mpaka wa shamba, mahari iliyorudishwa nusu. Kundi la vifo linalokataa kukaa na mwezi na linalokaa vizuri na mashauri ya baraza ndilo la kulipekua kwanza. Na kupatwa kule kwa mwezi kuna faida ya pili. Mzee asiyekumbuka tarehe hukumbuka usiku ambao mwezi ulipotea, akaanza kuhesabu mbele na nyuma kutoka hapo.

Upande wa sheria nitaupita haraka, isipokuwa pale penye uzito. Tanganyika ya wakati ule ilitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo haikukubali kukiri kwa mshtakiwa mbele ya askari polisi. Palikuwa na mwanya mmoja: kama maneno yake yamewafikisha askari kwenye kitu, sehemu ile ya maneno iliyohusu kupatikana kwa kitu hicho ilikubalika. Katika kesi za watu-simba mwanya huo ni kila kitu. Mtu anaweza kukiri kwa hofu kwamba yeye ni mbojo; anaweza hata kuamini kwa dhati kwamba usiku hugeuka. Lakini ngozi iliyofukuliwa chini ya ghala, au kisu chenye meno kilichotolewa kwenye dari la tembe, havina hofu wala imani. Mstaafu wetu asome kila ungamo akiuliza jambo moja tu: baada ya maneno haya, kilipatikana nini, wapi, na nani alikuwepo kilipopatikana? Pasipo na jibu, aliyenyongwa alinyongwa kwa hadithi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu walionyongwa hawawezi kukata rufaa tena, na watoto wao walikulia kwenye vijiji vilivyowaita watoto wa simba.

Fasihi yetu iliwahi kuonyesha njia ya kuliandika jambo hili. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapwa mwaka 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu, na mji mzima una sababu ya kuiachia mizimu lawama. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hagombani na imani ya mtu. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na mali inakwenda kwa nani. Utaratibu huo unahamia Singida bila taabu. Wapelelezi waliokuja baadaye, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wanakwenda mbio, bastola mkononi, na kwenye kesi kama hii mbio hazisaidii. Hakuna wa kumfukuza. Mashahidi wamezeeka au wamezikwa, na adui mkubwa ni jibu ambalo kila mtu ameridhika nalo.

Ndiyo maana mstaafu anafaa kuliko kijana. Askari kijana anataka mtuhumiwa. Mstaafu anaweza kuvumilia kuandika kwamba kifo hiki kilikuwa cha simba, kile cha mtu, na hiki cha tatu fisi alifika kabla yetu. Mtunzi atakayemlazimisha ageuze vifo vyote kuwa njama moja kubwa atapata riwaya ya kusisimua, huku akiwaonea marehemu mara ya pili.

Kazi yenyewe inaanzia Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, kwa majalada ya wilaya na Kitabu cha Wilaya ya Singida. Cha kwanza kunakili ni tarehe, saa na umbali wa mwili kutoka mlango wa tembe, kabla ya kusoma hukumu yoyote. Hukumu zisomwe mwisho, safu ya mwezi ikiwa imekwisha kujazwa.